Nyongeza katika Nati za Taifa

Kaa mkao mzuri, msomaji, na usianze kugeukageuka kumtafuta unayedhani nitamsema. Nchi ninayotaka kuisimulia si yako. Iko mbali, jina lake limenitoka, na watu wake ni wakarimu kupita kiasi, kwa hiyo huwezi kuifananisha na mahali unapoishi.

Ukarimu wa nchi hiyo ulikuwa na namna yake. Hakuna kipimo kilichoruhusiwa kuishia pale kilipoishia. Muuza maharage akishajaza kopo, alilazimika kurundika mengine juu yake mpaka yaporomoke. Fundi cherehani akikupima mkono, aliongeza vidole vinne, ndiyo maana wananchi wote walikuwa wakikunja mikono ya mashati kabla ya kusalimiana. Mechi ya mpira ilianza saa kumi na kumalizika pale refa aliposhindwa kuuona mpira. Hakimu akikufunga miaka mitatu, alikuongezea mmoja kwa hisani yake mwenyewe, nawe ulitakiwa useme ahsante. Hiyo ndiyo iliyoitwa nyongeza. Ilikuwa kwenye sheria, katika kifungu ambacho chenyewe kiliongezewa vingine vitatu.

Kuikataa nyongeza lilikuwa kosa la jinai. Balozi mmoja kutoka nchi za baridi aliwahi kumiminiwa mchuzi juu ya mchuzi kwenye dhifa ya taifa, akafunika sahani kwa kiganja na kusema, "Inatosha." Alipelekwa uwanja wa ndege akiwa bado ameshika kijiko. Tangu hapo neno hilo halikutamkwa tena katika ofisi za serikali. Aliyezidiwa kabisa alikohoa, na wenzake wakajua.

Katika nchi hiyo aliishi bwana mmoja, Tawakali Msengi, Mkurugenzi wa Ulinganisho katika Wizara ya Vipimo na Ukarimu. Kazi yake ilikuwa kuchukua vipimo vya kigeni na kuvigeuza viwe vya nchi. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye kipara kinachong'aa na kalamu tatu mfukoni, na aliipenda kazi yake. Maili zilipoingia nchini zilipita mezani kwake zikatoka kilomita. Galoni zilitoka lita. Alizipenda namba kama watu wengine wanavyopenda njiwa, na kama njiwa, hakupenda mtu azishikeshike.

Mwaka wa sherehe za Uhuru, serikali ikaamua kwamba taifa zima lifurahi. Ikaagiza gurudumu kubwa la kubembea, refu kuliko jengo lolote mjini, lenye vikapu vya kukalia watu kuzunguka ukingo wake wote. Likaitwa Gurudumu la Taifa. Wananchi walielezwa kwamba atakayepanda ataiona nchi nzima ikiendelea, jambo ambalo mtu aliyesimama chini huwa haoni vizuri.

Gurudumu lilitoka katika nchi rafiki inayopima kwa futi na ratili. Spana za kulifungia zilitoka katika nchi nyingine rafiki, inayopima kwa mita na nyutoni. Marafiki hawa wawili hawakuwa wakisalimiana. Kitabu cha gurudumu kiliagiza kwamba kila nati kubwa ikazwe kwa nguvu ya futi-ratili mia tatu. Maana yake ni rahisi: chukua mpini wenye urefu wa futi moja, ukandamize mwisho wake kwa uzito wa ratili mia tatu, hapo nati imekaza sawasawa. Ukipunguza, italegea. Ukizidisha, boliti itavutika, itachoka, na siku moja itakatika. Lakini spana zenyewe, zile za kipimo zinazolia "ta" nguvu ikifika, zilijua nyutoni-mita tu, na futi-ratili hazikuwahi kuzisikia.

Suala likaletwa kwa Msengi. Alilipokea kwa heshima. Alijua kwamba futi-ratili moja ni nyutoni-mita moja na zaidi kidogo ya theluthi. Akazidisha, akahakiki, akazungusha desimali kwa upole, akaandika: *407*. Kisha akaenda kula chakula cha mchana, akiwa na raha ya mtu aliyemaliza kazi safi.

Shida ni kwamba namba hiyo haikuweza kwenda kwa mafundi moja kwa moja. Ilibidi ipande kwanza ngazi zote za wizara, ipate baraka. Na hakuna mkubwa aliyekubali kupitisha kitu bila kukitia nyongeza, watu wasije wakasema ana mkono mfupi. Viwango vilijulikana. Kamishna Msaidizi alitia kumi. Kamishna alitia ishirini, maana mkono wa mkubwa ni mkubwa. Katibu Mkuu alitia arobaini. Naibu Waziri alitia hamsini na kusikitika kwamba si mia. Mia alikuwa nayo Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Harubu Kimwaga, aliyeitia bila kuangalia, huku akizungumza kwa simu.

Ndivyo nyutoni-mita mia nne na saba zilivyofika kwa mafundi zikiwa mia sita ishirini na saba, zimenona na zimefungwa utepe.

*

Msengi aliyajua hayo alipokwenda kulikagua gurudumu. Hakuwa amekwenda kwa ajili ya nati. Alikwenda kwa ajili ya mama yake.

Kwa desturi, safari ya kwanza ya kitu chochote cha taifa hupewa mama wa watumishi waliokishughulikia. Msengi alikuwa amehangaika wiki nzima, akipiga hodi ofisi hadi ofisi, ili mama yake, Bi Mwanakheri, apate nafasi katika kikapu cha mbele kabisa. Alikuwa ameipata. Alitaka kukiona kiti chenyewe, kama kina mto.

Mto ulikuwepo. Ilikuwapo pia sauti, kama mlango wa zamani unaofunguliwa polepole, ikitoka kwenye kitovu cha gurudumu.

"Ni nini kile kinacholia?" akamuuliza Fundi Mkuu, Pelagia Chonde, mwanamke mpana wa mabega aliyekuwa amepanga mafundi wake mstari mmoja kama kwaya.

"Ni boliti, Mkurugenzi," akajibu Pelagia kwa fahari. "Tumezikaza mpaka zinaimba."

"Kwa kiasi gani?"

"Mia sita ishirini na saba, kama ilivyoagizwa. Halafu na mimi nikatia thelathini zangu. Sisi mafundi nasi tuna mikono, Mkurugenzi. Tusionekane tumekuja mikono mitupu."

Msengi akahisi kipara chake kikipoa. "Kuna yoyote iliyokatika?"

"Ziko chache. Zile zisizo na uzalendo. Tumeziondoa, tumeweka nyingine." Akapunguza sauti. "Ila kusema kweli, hata zinazobaki zinarefuka. Jana niliipima moja, leo imekuwa ndefu zaidi. Vijana wanasema inakua. Tumeamua tuichukulie ni maendeleo."

Msengi akatazama juu, kwenye kikapu cha mbele, kilichokuwa kikining'inia mahali ambapo kunguru walikuwa wakipita chini yake. Aliogopa. Aliogopa kweli.

*

Alikwenda kwa mama yake akijaribu kuwa na uso wa kawaida. Bi Mwanakheri aliishi katika nyumba ya bati mtaa wa Mabondeni. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye maneno ya kutosha na ziada.

"Mama, nafikiri hilo gurudumu usilipande," alisema Msengi. "Kuna upepo."

"Nitajifunga kitambaa."

"Ni juu sana."

"Ndiyo maana nataka kupanda. Wewe unajua miaka mingapi bati langu linavuja? Kila fundi ananionyesha bati lake. Mmoja anasema hili, mwingine anasema lile, na wote wanataka walipwe. Sasa nikiwa juu nitaliona kwa macho yangu."

"Nitakuletea fundi mwingine, mama."

"Tawakali." Alipomwita kwa jina lake, mkurugenzi alirudi kuwa na miaka saba. "Nimeshawaambia majirani. Nimeshona nguo ya njano ili wanione toka huku chini. Kama kuna jambo, liseme. Kama hakuna, nisogezee ile chai."

Jambo lilikuwepo, lakini halikusemeka. Kusema namba imezidi ni kukataa nyongeza, na si ya mtu mmoja, ya wizara nzima. Mtu angefungwa, angeongezewa, na bado gurudumu lingezunguka na mama wa wenzake wote ndani yake. Msengi akamsogezea mama yake chai. Alikuwa ameijaza mpaka ikamwagika kwenye kisahani.

*

Kesho yake alikwenda kwa Waziri.

Profesa Kimwaga alikuwa mtu wa umbo kubwa na hotuba kubwa zaidi, na alikuwa akitia sahihi mafaili bila kuyasoma, maana aliamini kusoma ni kutoamini wenzako. Kila faili alitia mia yake, akaifunga, akavuta jingine.

"Mheshimiwa," alianza Msengi, "ni kuhusu nati za Gurudumu. Niliandika mia nne na saba…"

"Mia nne na saba tu? Namba nyembamba. Naisikitikia."

"Ilikuwa sawa na mia tatu za wenyewe, Mheshimiwa. Sasa kwa nyongeza tulizotia, nadhani…" Msengi akakohoa.

Waziri akaacha kalamu. Akamtazama mkurugenzi wake kwa huzuni ya baba. "Una kifua, Msengi?"

"Vumbi tu, Mheshimiwa."

"Kunywa maji." Akamgeukia mhudumu mlangoni. "Mletee maji. Mwongezee." Kisha akasimama, jambo alilofanya alipotaka kuhutubia hata kama msikilizaji ni mmoja. "Nikwambie kitu. Wenzetu wa nje ni watu wa mia tatu. Ni wabahili, ndiyo asili yao, hatuwalaumu. Wanaifunga nati kwa kiasi kile tu nati inachohitaji. Je, sisi nasi tufanye hivyo? Mwananchi apande gurudumu, atazame ile nati, aseme serikali yangu imeniwekea mia tatu kavu? Nati ya taifa huru lazima ijisikie inapendwa. Nilitia mia moja, na kama sheria ingeniruhusu ningetia mbili."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kaa, unywe maji yako."

Msengi akakaa na kunywa, kwa kuwa glasi ilikuwa imejaa mpaka ukingoni na haikuwezekana kutembea nayo. Akiwa hapo akamwona Waziri akiendelea na mafaili. Moja lilihusu barabara ya mpakani. Waziri akatia mia: kilomita mia. Barabara hiyo sasa ilikuwa inaingia ndani kabisa ya nchi jirani, ikipitia sebuleni kwa mkuu wa mkoa wao. Faili lililofuata lilihusu sukari ya chai ya wizara kwa mwezi. Waziri akatia mia: gramu mia.

Msengi akaacha kunywa.

Mia ya kwanza ingeleta vita. Mia ya pili isingetosha kumaliza hata asubuhi moja kwenye birika la wahudumu. Na Waziri alikuwa ametia zote mbili kwa mkono uleule na moyo uleule. Sheria ilisema Waziri ataongeza mia. Mia ya nini, sheria haikusema.

"Mheshimiwa," akasema, akisimama, na maji yakamwagika kwenye viatu bila yeye kujali, "nimekuja kukuomba radhi. Ile namba yangu ilikuwa nyembamba. Nina nyingine nene."

Waziri akainua kichwa. "Nene kiasi gani?"

"Elfu tatu na mia sita."

Waziri akavua miwani. "Kutoka mia tatu?"

"Kutoka mia tatu, Mheshimiwa. Ukiacha futi ukatumia inchi. Futi moja ina inchi kumi na mbili, kwa hiyo futi-ratili mia tatu ni inchi-ratili elfu tatu na mia sita. Kukaza ni kulekule. Ila namba ndiyo imenawiri."

"Na hao wa mia tatu walikuwa wanatuficha hii?"

"Walikuwa nayo muda wote, Mheshimiwa."

Profesa Kimwaga akazunguka meza na kumkumbatia, na kwa desturi akamkumbatia tena kidogo.

*

Namba mpya ikapanda ngazi kwa shangwe. Kamishna Msaidizi alitia kumi zake, Kamishna ishirini, Katibu Mkuu arobaini, Naibu Waziri hamsini, na Waziri akatia mia mbele ya kamera. Pelagia naye akatia thelathini, asionekane amekuja mikono mitupu. Jumla ikawa elfu tatu mia nane na hamsini. Msengi, mlango ukiwa umefungwa, akaigawa kwa kumi na mbili, akapata futi-ratili mia tatu ishirini na kitu. Kitu kidogo mno. Boliti yoyote yenye adabu ingeivumilia. Akaigeuza kuwa nyutoni-mita, akaandika alama nyekundu kwenye kila spana kwa mkono wake, na kuwaambia mafundi kwamba ile alama ndiyo elfu tatu mia nane na hamsini. Hawakuwa na sababu ya kutomwamini. Walivutiwa sana na namba.

Boliti zilizorefuka zikatolewa zote, zikawekwa mpya. Zilikuwepo tele, maana ziliagizwa kwa ukarimu. Spana zikalia "ta" moja baada ya nyingine. Kitovu cha gurudumu kikanyamaza. Pelagia akasikitika kidogo kwamba hakiimbi tena, ila Msengi akamwambia ni kwa sababu kimeridhika.

Magazeti yaliandika kwamba taifa limezidi mataifa yote duniani kwa kukaza nati, na kwamba wataalamu wa nje wamebaki vinywa wazi. Hakuna mtaalamu wa nje aliyeulizwa.

*

Siku ya sherehe ilikuwa na jua na upepo mwanana. Bi Mwanakheri alipanda kikapu cha mbele na nguo yake ya njano, akakataa kushikwa mkono, akaupigapiga ule mto na kukaa. Gurudumu likaanza kuzunguka taratibu, bila kelele yoyote. Msengi alilitazama likimbeba mama yake juu ya paa la Benki Kuu, juu ya mnara wa simu, juu ya kunguru, na kifua chake kikafunguka. Alitaka kucheka peke yake. Alikuwa amefanya jambo jema na hakuna aliyejua.

Mmoja alikuwa amejua. Rais mwenyewe, Mtukufu Baba wa Ukarimu, aliyekuwa ameketi jukwaani chini ya mwavuli akila korosho, alimwita kwa kidole. Kisha akainua kidole hichohicho kwa mwendesha mtambo, na gurudumu likasimama. Kikapu cha mbele kilikuwa juu kabisa.

"Wewe ndiye uliyeifanya mia tatu ikawa elfu tatu na mia sita?" aliuliza Rais.

"Ndiyo, Mtukufu."

"Na kitu chenyewe hakikubadilika."

"Hakikubadilika hata chembe, Mtukufu. Ni hesabu tu. Ukipunguza kipimo, namba inapanda."

Rais akatafuna korosho moja mpaka ikaisha. Alikuwa mtu mtulivu, mwenye sauti ya chini, na alisikiliza kwa makini kuliko waziri wake yeyote. "Na ukikikuza kipimo, namba ukaiacha ileile?"

"Hapo kitu chenyewe ndicho kinachokua, Mtukufu. Ukitoka inchi kwenda futi, kinakua mara kumi na mbili."

"Kumi na mbili. Kama miezi katika mwaka."

"Ndiyo, Mtukufu," alisema Msengi, na papo hapo akatamani angekuwa mjinga wa hesabu.

"Katiba yetu inampa Rais muhula wa miezi sitini," Rais akaendelea. "Sitini ni namba nzuri. Waasisi waliichagua kwa busara, na mimi si mtu wa kuchezea namba za waasisi. Sitii nyongeza hata moja. Namba hatutaigusa." Akachukua korosho nyingine. "Nilikuwa nafikiria kipimo tu."

Upepo ulikuwa umeongezeka kidogo, na kule juu kikapu kilikuwa kikiyumba, kushoto, kulia.

"Yule wa njano ni mama yako?"

"Ndiye, Mtukufu."

"Anaonekana ana raha. Tafakari bila haraka, Mkurugenzi. Nati zimekazwa vizuri, umezikaza mwenyewe. Anaweza kukaa pale hata mpaka Jumapili."

Hakukuwa na ukali wowote katika sauti ile, na hilo ndilo lililomtisha Msengi zaidi. Alizitazama nati alizoziokoa. Zilikuwa imara. Zingeweza kumshikilia mtu pale juu kwa muda wowote utakaotakiwa. Aliposikia sauti yake mwenyewe ilikuwa nadhifu kama kawaida.

"Ni ulinganisho halali, Mtukufu. Namba haijabadilika."

Rais akamshukuru kwa moyo, akainua kidole, na gurudumu likaendelea. Muda mfupi baadaye Waziri Kimwaga aliutangazia umma kwamba Mkurugenzi wa Ulinganisho amelipatia taifa uvumbuzi wa pili. Watu wakapiga makofi, na walipomaliza wakapiga tena kidogo.

Bi Mwanakheri alishuka akishika kiuno. Mwanawe akampokea kwenye ngazi, akamshika kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Umeliona bati, mama?"

"Nimeliona. Ni la tatu toka jikoni, na yule fundi mwongo nitamwendea leo leo." Akasimama apumzike. "Lakini huyu bwana wenu hana adabu. Kanisimamisha kule juu, kiuno chote kimekufa ganzi, nikimwangalia anakula korosho. Kura yangu hapati. Uchaguzi si mwakani?"

Msengi akamvusha ngazi ya mwisho.

"Nakuuliza, Tawakali. Ni mwakani, au wameshaanza kucheza na zile namba zao?"

"Namba ni ileile, mama," alisema Msengi. "Hatukuigusa."